Hatari za Dawa za Kuchanganywa Zinazotolewa Kliniki

Dawa ya kuchanganywa ni ile inayoandaliwa kwa mahitaji ya mgonjwa mmoja, kwa mfano mtoto asiyeweza kumeza kidonge. Tofauti na dawa ya kiwandani iliyosajiliwa, haikaguliwi na mamlaka ya dawa kabla ya kutumika. Ubora wake hutegemea uangalifu wa aliyeiandaa.

Daktari anapoitoa mwenyewe kliniki kwake, jicho la pili la mfamasia hukosekana. Kosa la dozi au mwingiliano wa dawa huweza kupita bila kugunduliwa. Aidha, faida ya mauzo huweza kumshawishi daktari kutoa dawa isiyo ya lazima, na dawa iliyowekwa akiba huweza kuharibika.

Mwaka 2012, sindano za steroidi zilizoandaliwa na New England Compounding Center ya Massachusetts, Marekani, zilikutwa na kuvu. Kliniki zilikuwa zimezitumia kutibu maumivu ya mgongo na viungo. Watu zaidi ya 750 katika majimbo 20 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 walifariki. Mwaka 2013 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuimarisha usimamizi wa dawa hizo.

Mgonjwa anayepewa dawa ya aina hii anashauriwa kuuliza imeandaliwa na nani, wapi na lini, na kuhakikisha lebo inaonesha viambato, dozi, namna ya kuihifadhi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa isiyo na lebo isipokelewe.