Bajia za Wembley, mchuzi wa Sylhet

Kwenye barabara ya Ealing Road, mtaa wa Wembley, kaskazini-magharibi mwa London, mteja akiagiza bajia huletewa viazi vilivyokatwa vyembamba, vikachovywa kwenye unga wa dengu wenye dania na pilipili, kisha vikakaangwa mpaka vikakauka nje na kubaki laini ndani. Meza ya jirani huenda wanakula mihogo ya kukaanga, ambayo orodha ya vyakula huiita "mogo". Mtu aliyekulia Parklands, Nairobi, au Kampala haulizi hivyo ni vitu gani. Mgahawa wa Maru's Bhajia House umekuwa ukikaanga viazi hivyo Wembley tangu 1976, kwa mtindo ule ule waliouzoea wakazi wa Nairobi.

London yenyewe ilianza kuuziwa chakula cha Kihindi mapema zaidi. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna aliyewahi kutumikia jeshi la Kampuni ya Uhindi Mashariki, alifungua Hindoostane Coffee House karibu na Portman Square. Aliwalenga Waingereza wenye fedha waliokuwa wamerudi kutoka Uhindi, akawaandalia pilau, michuzi na shisha. Lakini watu wa namna hiyo walikuwa na wapishi wao majumbani. Kufikia 1812 Mahomed alikuwa amefilisika.

Walioijaza London migahawa ya bei nafuu hawakuwa watu wa tabaka hilo kabisa. Walikuwa mabaharia kutoka Sylhet, eneo ambalo leo liko Bangladesh, walioajiriwa kwenye meli za Waingereza kuchochea makaa katika joto la vyumba vya injini kwa ujira mdogo kuliko wa mabaharia Wazungu. Baadhi yao, meli ilipotia nanga London, walishuka na hawakurudi tena. Mwenzao aliyetangulia, Ayub Ali, alifungua mkahawa wa Shah Jalal katika Commercial Street, mashariki mwa jiji. Hapo baharia mgeni alipata wali, mtu wa kumwandikia barua na habari za mahali pa kulala. Ni vigumu kuielewa migahawa hii bila kukumbuka kwamba mwanzoni ilikuwa pia kimbilio la watu walio mbali na kwao.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, London ilikuwa imejaa majengo yaliyoharibiwa kwa mabomu na mikahawa midogo iliyokosa wenyewe. Wasylheti walijichanga wakainunua. Hawakuwafukuza wateja wa zamani: waliendelea kukaanga samaki na chipsi, wakaongeza wali na mchuzi pembeni, na hawakufunga milango baa zilipofungwa usiku. Walevi wenye njaa waliingia, wakaonja, wakarudi wakiwa wazima.

Jikoni kulizaliwa mbinu iliyorahisisha kazi. Mpishi huchemsha sufuria kubwa la vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya, akausaga mchanganyiko huo uwe rojo. Oda ikija, huchota pawa moja au mawili kwenye kikaango chenye moto mkali, akatia bizari, nyama iliyokwisha kuiva, na kitu cha kuibadilisha ladha: pilipili nyingi kwa mmoja, krimu kwa mwingine. Kwa njia hiyo jiko dogo liliweza kuhudumia ukumbi mzima kwa aina nyingi za mchuzi. Wapo wajuzi wanaoibeza mbinu hiyo kwa sababu haipikwi hivyo nyumbani kwa yeyote. Wanakosea. Ni ubunifu wa watu wasio na mtaji, na ndio uliowafundisha Waingereza wa kawaida kula bizari.

Kisha ikaja siasa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria zilizowabana wakazi wasio raia katika ajira na biashara, na maelfu ya Waasia wenye pasipoti za Uingereza wakaanza kuondoka. Bunge la London, kwa siku chache tu, lilipitisha sheria ya kuwazuia, ikaanza kutumika Machi 1968. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Takriban 28,000 waliishia Uingereza.

Hawa hawakuja na mbinu ya sufuria moja. Ukoo wa Anand, Wapunjabi waliokuwa na biashara ya hoteli Nairobi iliyoitwa Brilliant, ulifungua mgahawa wa jina hilo hilo Southall, magharibi mwa London, mwaka 1975. Huko waliwakuta Wapunjabi wengine waliokuwa wakifanya kazi viwandani, watu waliojua kuku wa jira na kuku wa methi wanavyopaswa kuwa: kuku mwenye mifupa yake, aliyepikwa pamoja na viungo tangu mwanzo, mchuzi umeshikamana na nyama.

Mwaka 2001 Robin Cook, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikitaja kuku wa tikka masala kuwa chakula halisi cha taifa la Uingereza. Sifa hiyo iliwastahili wapishi wa Kibangladeshi, ambao ndio walioendesha sehemu kubwa ya migahawa ya Kihindi nchini humo. Lakini simulizi hiyo huwasahau mno waliopitia Nairobi, Kampala na Kisumu. Southall haijawasahau. Mgahawa wa Madhu's, uliofunguliwa 1980 na kizazi kilichofuata cha ukoo wa Anand, umekuwa na nyama choma, "machuzi kuku" na mbavu za mbuzi kwenye orodha yake, na umepanuka hadi kuandaa karamu za harusi katika hoteli kubwa za katikati ya jiji.