Pombe ya Muhoroni

Mjomba wangu alikuwa fundi wa magari Kisumu, na gari lililomlisha miaka ya 1980 ni Peugeot 504. Mzee akifika gerejini kulalamika kwamba gari linamzimikia njiani, mjomba hakuuliza mengi. Alifungua filta. Mteja naye alishajua mchawi: hii pombe ya Muhoroni.

Pombe yenyewe ilikuwa ethanoli. Bei ya mafuta ilipopaa 1973, nchi zenye miwa zilianza kupiga hesabu. Brazil ikaanzisha Proálcool 1975. Kwetu, Agro-Chemical and Food Company ilianzishwa 1978 pale Muhoroni ili igeuze molasi za viwanda vya sukari, na miaka ya 1980 petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli ikawa inauzwa. Wakaiita gasoholi.

Je, injini ilikuwa inalewa? Wapi! Shida ilikuwa maji. Petroli na maji hazipatani, lakini ethanoli inapatana na zote mbili. Unyevu kidogo inaubeba bila matata. Maji yakizidi kwenye tangi, ethanoli inaiacha petroli, inashuka na maji hadi chini kabisa, pale pale pampu inaponyonya. Tena inasugua tangi kuukuu: kutu na taka za miaka kumi zote zinakimbilia filta. Na mipira ya kizamani inalainika.

Kwa hivyo mjomba alikuwa na utaratibu wake. Mwaga tangi lote, likauke. Badilisha paipu za mpira. Weka filta mpya, na ukishajaza mara mbili, weka nyingine. Usilaze gari miezi na gasoholi ndani. Hayo yangetosha kwenye karatasi moja ya kubandikwa kila kituo cha mafuta.

Kisumu nayo ilikuwa ijengewe kiwanda chake cha molasi. Mradi ukakwama, pesa zikaleta maneno. Robert Ouko, aliyetaka ufufuliwe, aliuawa Februari 1990, na mpelelezi John Troon wa Scotland Yard akautaja mradi huo kati ya sababu zinazowezekana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gasoholi ikaisha, bei hazikulipa. Mjomba aliendelea kubadilisha filta za 504, sasa kwa petroli tupu. Wateja wakatafuta mchawi mwingine.