Ziwa Nyasa: Historia ya meli inayostahili watalii

Meli kubwa ya watalii ikitia nanga Dar es Salaam au Zanzibar, nchi nzima husikia. Huku Isongole watalii hupanda kulitazama ziwa la Ngosi, kisha wengi hugeuza gari kurudi Mbeya. Wangeshuka kupitia Tukuyu hadi Kyela, wangefika Ziwa Nyasa, ambako meli zilitangulia mji wetu wa Tukuyu.

Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu Langenburg, jina walilolipandisha kutoka kituo chao cha mwambao wa ziwa. Meli yao, Hermann von Wissmann, iligharimiwa kwa michango na bahati nasibu iliyochezeshwa Ujerumani kwa ahadi ya kukomesha biashara ya watumwa. Vipande vyake vilipitishwa mito ya Zambezi na Shire, na mwaka 1893 ikaelea Nyasa.

Agosti 1914 ndipo kisa chake kikubwa kilipotokea. Kwa simulizi za Kiingereza, nahodha wake, Berndt, na Rhoades, nahodha wa meli ya Kiingereza Guendolen, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Habari za vita zilimfikia Rhoades kwanza. Akaenda Liuli, wakati huo Sphinxhafen, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Risasi kadhaa za mzinga zilikosa shabaha kabla moja haijapiga. Berndt akaja mbio kwa mtumbwi, amekasirika, akimuuliza rafiki yake kama amelewa. Hakujua kwamba mataifa yao yanapigana. Akachukuliwa mateka, na magazeti ya London yakashangilia ushindi wa majini.

Baada ya uhuru, MV Songea na MV Iringa zilibeba abiria na mizigo yetu kwa miaka mingi. Januari 2021 ikaanza MV Mbeya II, yenye nafasi ya abiria 200.

Hata meli kubwa za kitalii zina undugu na maziwa yetu: kiwanda cha Papenburg, Ujerumani, kinachounda meli za kitalii kubwa kupindukia, ndicho kilichounda meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913. Watu hulipa fedha nyingi kupumzika majini. Sisi tuna ufukwe wa Matema, safu ya Livingstone inayotumbukia ziwani, na mwamba wa Liuli uliowapa Wajerumani jina la Sphinxhafen. Wizara ya utalii na Bandari wapange safari maalumu ya mapumziko kutoka Kyela hadi Mbamba Bay, yenye msimulizi wa historia hii ndani ya meli. Na anayempeleka mgeni Ngosi amwambie kuwa safari yake haijaisha.