Moto Uliohamia Nyuma ya Nyumba: Historia ya Jiko Bukoba na Muleba

Mafiga matatu ndiyo jiko la kale katika nyumba za Wahaya wa mkoa wa Kagera, na kwa muda mrefu halikuwa na chumba chake. Mushonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi chini, iliwasha moto ndani kabisa, chini ya paa lile lile walipolala watu na mifugo. Sakafu ilitandikwa majani yaliyokatwa rweya, yaani uwanda wa nyasi unaotenganisha vijiji. Kwa hiyo mahali pa moto paliachwa peupe na kufagiliwa kila siku, maana cheche moja ilitosha kuiteketeza nyumba nzima.

Atazamaye picha ya mushonge leo huona giza na moshi. Lakini moshi ule ulikuwa kazini. Ulikausha nyasi za paa katika nchi ambayo pwani yake ya Ziwa Viktoria hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ukawafukuza wadudu watafunao fito. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa kuhifadhia kuni mbichi, mbegu za maharage, nyama na samaki wa kukausha. Majivu yalimwagwa kibanjani, kwenye shamba la migomba linaloikumbatia nyumba. Usiku moto ulikuwa taa, na alfajiri ya baridi ulikuwa blanketi.

Moto huo huo ulipika kahawa. Kabla haijawa zao la kuuzwa Ulaya, kahawa ya Buhaya, nchi ya Wahaya, ilikuwa ya kutafuna. Matunda ya robusta yalichumwa kabla hayajaiva sawasawa, yakachemshwa kwa muda mrefu pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha yakakaushwa. Mgeni akikaribishwa, alipewa punje hizo kabla ya neno lingine. Desturi hiyo ipo hadi sasa, na mjini Bukoba kahawa ya kutafuna huuzwa katika vifurushi vidogo.

Kuni za kulisha moto huo hazikuwa nyingi kama mtu anavyoweza kudhani akiona kijani cha Kagera. Ardhi hii ilikuwa imeshachoma miti mingi kwa ajili ya chuma. Katika eneo la Katuruka karibu na Maruku na lile la Kemondo, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma, baadhi yake yenye umri wa takribani miaka 2,000 au zaidi. Yeye na Donald Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 1978, wakieleza tanuru lililovuviwa kwa mivukuto kadhaa na kufikia joto la zaidi ya nyuzi 1,300. Maelezo yao juu ya namna hewa ilivyopashwa moto kabla ya kuingia tanuruni yamepingwa na wataalamu wengine, ila jambo moja halina ubishi: kila tanuru lilikula mkaa mwingi, na watafiti wamekihusisha kilimo pamoja na uhunzi huo na kupungua kwa misitu kandokando ya ziwa. Mama aliyetembea rweya karne ya 20 akitafuta kuni alikuwa akilipa sehemu ya deni la zamani sana.

Kilichoutoa moto ndani ya nyumba ni kahawa. Bukoba ilianza kuwa boma la Wajerumani mwaka 1890, chini ya Emin Pasha, na katika miongo iliyofuata mibuni ikaongezwa kibanjani na kuvunwa kwa ajili ya soko. Fedha zake zililipa kodi na ada za shule, kisha zikanunua bati. Nyumba ya pembe nne, yenye kuta za tofali na paa linalong'aa, ikawa alama ya mtu aliyefanikiwa. Kufikia mwaka 1950, wakulima walipounda chama kikuu chao cha ushirika, BNCU, ambacho ndicho asili ya KCU ya leo, mushonge ulikuwa tayari unahesabika kuwa nyumba ya wazee.

Bati halihitaji moshi. Linaharibika kwa masizi, na kuta zilizopakwa chokaa huchafuka. Hivyo mafiga yakatolewa nje, yakajengewa kibanda nyuma ya nyumba, mara nyingi cha udongo na fito, chenye mlango mmoja mfupi na tundu dogo juu. Badiliko hilo halikuandikwa popote kama tukio, lakini ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii. Paa la mushonge lilikuwa refu, na moshi ulipanda na kujichuja kwenye nyasi. Kibanda kilikuwa kifupi, na moshi ulibaki usawa wa macho ya mpishi. Zamani mume, mke, watoto na wageni walivuta moshi mmoja. Sasa aliyekaa sebuleni hakuuona, akauvuta mama peke yake na mtoto aliyembeba mgongoni. Kwa miongo kadhaa nyumba iliendelea kupata saruji, vioo na umeme, huku kibanda cha nyuma kikibaki na mawe yale yale matatu. Huo haukuwa uchaguzi wa aliyepika, kwa kuwa fedha za kahawa kwa kawaida zilikuwa mkononi mwa baba.

Mjini Bukoba, ambako hakuna kibanja wala rweya ya kuokotea, mkaa ulishika nafasi ya kuni. Mafundi wa mabati walikunja majiko kutokana na mapipa na madebe mabovu. Jiko la bati tupu hupoteza joto ubavuni: ukilisogelea unaungua wewe kabla maji hayajachemka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi na wataalamu nchini Kenya walitengeneza jiko lenye kiuno chembamba, ndani likiwa na bakuli la udongo wa kuchoma lenye matundu. Udongo hushikilia joto na kulirudisha chini ya sufuria, na mkaa unaotumika hupungua kwa theluthi moja, wakati mwingine hata nusu. Majiko ya aina hiyo yalisambaa Afrika Mashariki yote na Tanzania yakaitwa majiko banifu. Vijijini ndugu yake alikuwa jiko la udongo la kuni lenye matundu mawili na bomba la moshi, ambalo familia hujijengea yenyewe kwa kichuguu, mchanga na majani yaliyokatwakatwa.

Mafuta ya taa yalikuwa na zama zake fupi. Jiko la mchina, lenye tambi zilizopangwa duara, lilipendwa na wapangaji wa chumba kimoja na wanafunzi. Bajeti ya mwaka 2011/12 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na wengi wakarudi kwenye mkaa.

Mbadala ulioielewa Buhaya vizuri zaidi ni biogesi. Kibanja hakiishi bila samadi, na ng'ombe wa maziwa anayelishwa bandani anayo tayari. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, kilisanifu mtambo wa kuba uliojengwa chini ya ardhi, na mpango wa taifa wa biogesi za majumbani ulioanza mwaka 2009 ukausambaza mikoani. Samadi mbichi huchanganywa na maji kiasi sawa, ikaingizwa shimoni, na bakteria huila bila hewa na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Ng'ombe wawili hadi watatu hutosha familia kupika. Tope linalotoka upande wa pili halina ukali wa samadi mbichi na huenda moja kwa moja kwenye mashina ya migomba. Ni jiko la pekee kati ya majiko mapya lililoikumbuka kazi ya majivu. Gharama za ujenzi ndizo zilizolizuia, pamoja na ukweli kwamba familia nyingi hazina ng'ombe hata mmoja.

Mtungi wa gesi umeenda kasi zaidi. Ule wa kilo 6, wenye jiko linalofungwa juu yake, unaingia kwenye chumba cha kupanga. Wa kilo 15 huunganishwa kwa regulata na mpira hadi jiko la meza. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, kwa hiyo jiko la ndani linahitaji upenyo chini ya mlango na si dirisha la juu tu. Fundi mwangalifu hupaka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha kiberiti, na povu likitoa mapovu mapya, kuna mahali panavuja.

Umeme nao umeanza kuingia jikoni. Kwa miaka mingi Bukoba na Muleba zimetegemea umeme unaonunuliwa Uganda, ukipitia Masaka hadi kituo cha Kyaka. Sufuria ya umeme ya shinikizo hupika maharage kwa chini ya uniti moja.

Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mitungi midogo ya ruzuku imefika vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini.

Kule Kamachumu, Maruku na Kemondo, jiko jipya limerudi ndani ya nyumba, lakini kibanda cha nyuma hakijabomolewa. Chai ya asubuhi na ndizi za haraka hupikwa kwa gesi. Maharage makavu huachiwa mafiga tangu mchana, kwa sababu kujaza mtungi kunahitaji fedha taslimu na kuni za migrevilea hutoka kibanjani. Juu ya mafiga, uchagani, zimening'inizwa mbegu za msimu ujao.