Jackie Robinson Hakumaliza Chuo

Wasee, leo stori ni ya besiboli. Najua, huku kwetu wengi tumeiona kwa filamu tu. Vumilia, kuna mahali inarudi nyumbani.

Mwaka wa 1940 Jackie Robinson alikuwa mwanafunzi wa UCLA, California. Alichezea timu ya besiboli ya chuo msimu huo na manze, alichemsha. Wastani wake wa kugonga mpira ulikuwa .097, yaani ukimpa nafasi kumi, hata moja nzima haifiki. Na mwaka huo huo alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani katika kuruka mbali! Ile futiboli yao ya kubeba mpira mkononi, yumo. Basketiboli, yumo. Ndiye wa kwanza UCLA kupewa heshima ya chuo kwa michezo minne. Ungesema besiboli ndiyo itamuingiza kwa vitabu vya historia, wangekucheka.

Mapema 1941 akaacha chuo, na alikuwa karibu kumaliza. Mama yake, Mallie, aliyelea watoto watano peke yake kwa kufanya kazi kwa nyumba za watu, alimsihi abaki. Mpenzi wake Rachel pia. Wapi! Hesabu yake ilikuwa kwamba digrii haitampa mtu mweusi kazi, na mama alihitaji doo sasa. Na hiyo hesabu hakuitoa hewani. Kakake Mack alishinda fedha ya mita 200 kwa Olimpiki za Berlin 1936, nyuma ya Jesse Owens, kisha akarudi Pasadena kufagia barabara. Mimi pia niliacha chuo, na nimeitwa mvivu mara nyingi kuliko naweza kuhesabu, kwa hivyo hapa siwezi kujifanya sina upande.

Akaingia jeshi 1942. Mwaka wa 1944, kambini Texas, dereva wa basi alimwambia ahamie viti vya nyuma. Akakataa. Wakampeleka mahakama ya kijeshi, na akaachiliwa bila hatia.

1945 akasajiliwa na Kansas City Monarchs, timu ya ligi ya weusi, kwa dola 400 kwa mwezi. Ligi kuu ilikuwa haijaona mchezaji mweusi tangu miaka ya 1880. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, wenye timu walikuwa wameelewana tu. Tarehe 28 Agosti Branch Rickey, mkubwa wa Brooklyn Dodgers, akamuita ofisini na kumwaga matusi ya kila aina, kumpima kama atavumilia mashabiki na wapinzani bila kurudisha ngumi. Jambo lingine Rickey alilopenda ni kwamba Jackie alikuwa ameshacheza na wazungu kule UCLA. Hapo ndipo mimi na wale wa “chuo ni utapeli” tunaachana. Karatasi hakuchukua, lakini miaka yake pale ilimlipa.

1946 akaanzia Montreal Royals, timu ndogo ya Dodgers. Mechi ya kwanza akapata mipigo minne safi kwa nafasi tano, mmoja ukatoka nje ya uwanja. Tarehe 15 Aprili 1947 akavaa jezi nambari 42 ya Dodgers, akiwa na miaka 28. Siku hiyo hakupata mpigo hata mmoja, ingawa alifika nyumbani mara moja na timu ikashinda 5-3. Mwisho wa msimu akatajwa mchezaji chipukizi bora. 1949 akawa mchezaji bora wa ligi yake kwa wastani wa .342. Linganisha na ile .097!

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alienda Marekani kutafutia vijana wa Kenya nauli. Walikuwa na nafasi vyuoni huko lakini pesa za ndege hawana. Barua ya kuomba michango ikatiwa sahihi na Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapanda ndege. Mmoja wa waliowaombea Wamarekani wachange ili Mkenya asome hadi digrii alikuwa msee aliyetoka UCLA bila yake.