Kijana Anapobadilika: Dalili na la Kufanya

Ugonjwa wa akili kwa kijana hauanzi kila mara kwa machozi. Katika makanisa yetu tunauona kwanza kama hasira, kichwa na tumbo kuuma ovyo, kukosa usingizi, kuacha kwaya na marafiki, kushindwa shuleni. Kwa aliyekimbia vita au aliyebakwa, huja pia ndoto za kutisha na kushtuka kwa kila mlio. Hali hiyo ikidumu zaidi ya majuma mawili, tusiite uvivu.

Wala tusikimbilie kusema ni pepo. Eliya, katika 1 Wafalme 19, aliomba afe. Alilala, malaika akamletea chakula mara mbili, maneno yakafuata baadaye. Basi kumfunga kijana kamba na kumnyima chakula katika chumba cha maombi tunakukataa wazi.

Mtu mzima anayeaminiwa na kijana akae naye faraghani, amsikilize bila kumhubiri. Amuulize waziwazi kama anafikiri kujiua: swali hilo halimpi wazo, humpa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na sumu ya panya na dawa za shamba ziondolewe nyumbani. Kisha apelekwe kituo cha afya; Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. (Huko hutibiwa pia kifafa, ambacho wengi bado wanakiita laana.) Maombi yaendelee, lakini mchungaji asimwambie aache dawa za daktari kwa sababu ameombewa.