Msimu Kwanza, Mbolea Baadaye: Hoja Kuhusu Bustani ya Nyumbani

Mijadala ya kilimo hai katika Afrika Mashariki huanza na orodha ya makatazo: mbolea za viwandani marufuku, viuatilifu vya kemikali marufuku. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, kimejengwa juu ya msingi huo. Sokoni msingi huo unafaa, maana mnunuzi aliye mbali hana namna nyingine ya kuthibitisha anachokula. Bustani ya nyumbani ina mahitaji mengine. Huko anayelima ndiye anayekula, na alama haimwongezei kitu. Kinachomfaa ni kujua apande nini mwezi gani. Nashikilia kwamba nyumbani kalenda hutangulia mbolea, na kwamba familia inayopanda kinyume cha msimu hatimaye itashika bomba la kupulizia dawa, hata kama ilianza kwa nia njema kabisa.

Nyanya ni ushahidi wa kutosha. Kila mwenye ua hutamani kuanza nayo, na wengi huipanda masika kwa sababu maji ya mvua hayalipiwi. Katika nyanda za juu kama Lushoto na Mbeya, unyevu na ubaridi ndiyo hali inayostawisha vimelea vya bakajani chelewa, ugonjwa unaoweza kuangamiza shamba zima kwa siku chache. Pwani kwenye joto, udongo uliolowa hueneza mnyauko wa bakteria kutoka mche hadi mche, na mche ukishanyauka hakuna dawa ya dukani itakayouponya. Kiangazi nacho kina adui wake. Mdudu kantangaze, aliyethibitishwa kuwapo Tanzania mwaka 2014, hushamiri wakati wa joto na ukavu, na amekwisha kuzoea viuatilifu vingi anavyopuliziwa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Tanga kipindi chenye nafuu ni kipupwe, Juni hadi Agosti, jua likiwa pole na mvua zikiwa zimepungua. Hata hapo magonjwa na wadudu hawaishi, ila hupungua kiasi kwamba mwenye miche kumi ya nyumbani anaweza kuyachuma kwa mkono majani yaliyoshambuliwa, na kwa wadudu wengine akatumia maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa.

Je, masika mwenye ua ale nini? Hapa ndipo bustani zetu za asili zinapoonyesha akili iliyodharauliwa mno. Vipando vya matembele vikichomekwa ardhini mvua zinapoanza hushika vyenyewe na kutambaa hadi magugu yakakosa nafasi. Kunde hutoa majani wiki chache baada ya kupandwa, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hivyo udongo haudai mbolea nyingi. Maboga hutoa majani, maua na tunda. Kisamvu kinachumwa mwaka mzima, mradi kitwangwe na kuchemshwa barabara ili sumu ya sianidi itoke. Mchicha nao una wakati wake: mbegu zake ndogo huzolewa na mvua kubwa, lakini vuli na wakati wa kaskazi, kwa maji ya kumwagilia, huwa tayari kuchumwa ndani ya mwezi mmoja. Mchicha na mgagani hufanya usanisinuru wa aina ya C4, unaoiwezesha mimea hiyo kustahimili joto kali ambalo kabichi hudhoofika kwalo. Mimea hii inahitaji dawa kidogo kwa sababu imepandwa wakati inaoupenda, mahali inapopapenda.

Na ladha yake ni hoja, wala si pambo. Matembele yaliyochumwa jioni na kuungwa kwa nazi usiku huohuo hayalingani na fungu lililoshinda juani sokoni. Chakula kisichofurahiwa hakidumu mezani, hata wataalamu wa lishe wakikisifu vipi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kiasi hicho hufikiwa kwa urahisi na anayekula kwa hamu kuliko anayekula kwa kushurutishwa.

Kuna pingamizi lenye uzito. Kwa kaya maskini msimu umekuwa jina jingine la njaa, na kuwataka watu wale cha msimu ni kama kuwaambia wavumilie miezi ya upungufu. Pingamizi hilo lina nguvu pale bustani inapotegemea zao moja au mawili. Kihamba cha Wachagga mlimani Kilimanjaro kinaonyesha njia nyingine: miti mirefu juu, migomba na kahawa chini yake, kisha magimbi, viazi vikuu na mboga karibu na ardhi, kila tabaka likiwa na wakati wake wa kuvuna. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Dodoma, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, akina mama huchuma mlenda kwa wingi wakati wa mvua, huukausha na kuuhifadhi kwa miezi mikavu. Msimu unaofuatana na utaalamu wa kuhifadhi haumwachi mtu na njaa. Kinachohitajika ni aina nyingi za mimea pamoja na ujuzi huo wa akina mama, ambao haujapewa nafasi ya kutosha katika mafunzo ya kilimo.

Matunda yanadai subira zaidi, na ni ya msimu zaidi. Maembe ya pwani hujaa kati ya Novemba na Januari, mengi yakaozea chini ya miti, na hayo yanayooza ndiyo mazalio ya nzi wa matunda, ikiwamo spishi vamizi iliyogunduliwa Kenya mwaka 2003. Kuyaokota kila siku na kuyazika kwa kina ni kinga bora kuliko dawa. Yaliyo mazima huliwa kwa chumvi na pilipili, na mabichi huwa achari ya kulia wali miezi inayofuata.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Chuo Kikuu cha Sokoine na maofisa ugani watoe kalenda za upandaji za kaya, kanda kwa kanda, kwa Kiswahili chepesi, zikianza na mboga za asili na kutaja wazi zao gani lisipandwe mwezi gani. Na wewe msomaji mwenye ua, hata wa viroba vichache, usinunue pakiti ya mbegu za nyanya kwa sababu tu mvua imeanza. Mwombe jirani vipando vya matembele, uchomeke wiki hiyohiyo.